Joto la Vidole

Kongo, Kawangware
Jumanne, 14 Januari 2025

Baba Mukai,

Salamu zitangulie, maana nikianza na habari ya mashine utasahau kuniuliza kama nimekula. Nimekula. Rosebella, tangu anipokee kwake, ananilisha kama kuku wa Krismasi, na kitanda amenipa kile cha upande wa dirisha.

Najua umeshangaa kupata karatasi badala ya simu. Simu yangu imezimwa na kufungiwa kabatini, na si kwa ugomvi. Ni amri ya Sista Beth wa ile kliniki ya kanisa hapa Riruta. Leo nimeanza matibabu. Nilifikiri atanipa vidonge vya usingizi, kumbe alinikalisha kwenye kiti cha kuegemea, akanibandika waya mwembamba kwenye ncha ya kidole cha kati, akaushika kwa plasta. Waya unaingia kwenye kimashine kidogo kama redio ya mfukoni, na kimashine kinalia. Kidole kikiwa baridi, mlio uko juu, mwembamba, kama mbu sikioni. Kidole kikipata joto, mlio unashuka.

Sista anasema mtu akikaa na hofu muda mrefu, damu hukimbilia ndani ikaiacha mikono. Ndiyo maana vidole vyangu vimekuwa baridi tangu Novemba, vinatetemeka hata siwezi kutunga uzi kwenye sindano. Kazi yangu ni kuushusha ule mlio. Natakiwa nijifunze kuvipasha vidole moto kwa mawazo peke yake, nikiwa nimetulia, na mashine inanionyesha kama nimefaulu.

Tukiwa hapo simu ikalia mkobani, na mlio ukapanda mpaka watu wa foleni wakachungulia. Sista akacheka, akasema, "Mama, si umeona? Na hata hujajua ni nani anapiga." Ndipo simu ikafungwa kwa wiki nane. Barua zitabebwa na Seline, yule anayeosha sakafu hapa kliniki na kulala huko Raila, nyumba ya tatu kutoka kwa jirani yetu Jentrix. Mpe majibu yako.

Leo nimeanzia digrii ishirini na tatu. Sista anataka nifike thelathini na nne, anasema hapo nitaweza kushona tena. Mimi nataka zaidi ya hapo. Nataka kupita kwenye kichochoro chetu bila miguu kunikatalia. Nyumba kumi na moja ziliungua kwa sababu ya pasi yangu ya makaa, Baba Mukai. Wote wenye milango hiyo niliwapigia magoti, na wote walinisamehe, lakini vidole vyangu bado havijasikia.

Wako,
Mama Mukai


Raila, Kibera
Ijumaa, 17 Januari 2025

Mama Mukai wangu,

Seline alinipa barua yako akiwa ameikunja ndani ya leso, na Thuo, mwenyekiti wetu wa nyumba kumi, alikuwa amesimama pale pale akaona. Kufikia sasa mtaa wote unajua nimepata mpango wa kando. Ukisikia, usishtuke, ni wewe.

Hiyo mashine nimeicheka. Miaka kumi na tisa nalehemu bati, na sijawahi kuona joto linaloletwa kwa kuwaza. Ingekuwa hivyo, mafundi wote wa bati tungeacha kununua mkaa, tungekaa tu tumefumba macho mbele ya faneli za kumiminia mafuta mpaka zishikane. Lakini kama inakusaidia, iache ilie.

Nyumba imesimama. Mabati ni mapya, yanang'aa hata kunguru wanaogopa kutua. Meza yako ya kushonea nimeiweka karibu na mlango, upate mwanga wa asubuhi. Mzee Gikonyo anakuulizia kila siku. Jentrix amesema sketi ya shule ya bintiye inakungoja wewe, hampi fundi mwingine. Pasi yako niliiokota kwenye majivu. Ilikuwa imebadilika rangi tu, chuma hakikudhurika. Nimeihifadhi.

Kazi ipo, mifereji ya mvua na trei za keki, kwa hiyo usiwe na wasiwasi juu yangu. Rudi kabla ya Pasaka. Na ujue hakuna anayekulaumu huku, hata mmoja.

Ni mimi,
Baba Mukai


Kongo, Kawangware
Ijumaa, 24 Januari 2025

Baba Mukai,

Nimecheka habari ya kunguru mpaka Rosebella akaja kuniangalia. Asante. Kisha nikaenda kliniki, kicheko kikaishia mlangoni.

Sista Beth aliniambia nifumbe macho, nifikirie kitu chenye joto. Kuna mama mmoja hapa anafikiria mtoto mgongoni, na mlio wake unashuka mpaka anasinzia na waya kidoleni. Mwingine anafikiria chai. Mimi nilijaribu jua, nikajaribu chai, nikajaribu blanketi la mama yangu. Kila kitu cha joto nikikitazama kidogo tu, kinageuka pasi. Naiona iko mezani, mdomo wazi, kama vile Thuo alivyoikuta. Nilianzia ishirini na tatu, nikashuka hadi ishirini na mbili. Sista alinitania eti mimi ndiye mgonjwa wa kwanza aliyefikiria moto akapata baridi. Nilicheka naye, lakini nilipotoka nje nilikaa kwenye ngazi nikalia.

Nataka unisaidie. Ile Jumapili naikumbuka vipande vipande. Nakumbuka nilitoka alfajiri kwenda kuoga na kuchota maji. Nakumbuka nikipiga pasi shati lako jeupe, hata ile kola iliyonisumbua. Nakumbuka tukiwa kanisani, katikati ya wimbo wa pili, mtu akaingia akipiga kelele kwamba Raila inaungua. Lakini hapo katikati pana shimo. Makaa niliyaweka wapi? Kila Jumapili nilikuwa nayamwaga mtaroni mbele ya kwa Jentrix, na yeye alikuwa akinigombeza kwa sababu ya mvuke. Jumapili hiyo Jentrix alikuwa kwa dadake, hakuwepo wa kunigombeza. Wewe ulikuwepo. Uliniona nikiyamwaga, au niliyaacha ndani kama wanavyosema?

Niambie hata kama ni vibaya. Nikijua, labda shimo litafunikika.

Wako,
Mama Mukai


Raila, Kibera
Jumatano, 29 Januari 2025

Mama Mukai,

Habari ya makaa tuiache. Yaliyopita yamepita, na kuyachokoa ndiko kunakokupa baridi. Sikia nikwambie kitu kingine.

Ukitaka joto lisilo na moto, nenda Tiva. Nenda ule mwaka wa ukame, mto ukiwa mchanga mtupu kutoka ukingo hadi ukingo, na wasichana wa kwenu mkichimba visima mchangani mkisubiri maji yajikusanye. Mimi nilikuwa nimekuja na punda wa mjomba. Uliniambia maji yanakuja polepole, nikae chini niache kuzungukazunguka kama askari. Nikakaa. Ukazika mikono yako mchangani mpaka kwenye vifundo, ukaniambia nami nizike. Juu palikuwa na joto la jua la kutwa nzima, chini kidogo unyevu. Tulikaa hivyo hatusemi neno, na kisima kikijaa taratibu, kijiko kwa kijiko. Punda walisimama tu. Hata upepo haukuwa na haraka. Nilijua siku hiyo kwamba nitakuoa, lakini sikusema, kwa sababu mimi mambo makubwa hunichelewa mdomoni.

Mwambie Sista wako akupeleke huko. Pale hapana pasi.

Baba Mukai


Kongo, Kawangware
Ijumaa, 7 Februari 2025

Baba Mukai mpenzi,

Nimefika Tiva.

Sijui nikuelezeje. Nilifumba macho, nikaizika mikono. Mwanzoni nilisikia mbu, kisha nikasikia nyuki, kisha ikawa kama mtu anayeimba mdomo umefungwa, nyumba ya mbali. Sikuushusha mlio mimi. Ulishuka wenyewe nami nikaufuata. Mchanga ulikuwa mzito juu ya vidole vyangu, una joto la jua lile lile, na nilihisi damu inarudi mikononi polepole, kijiko kwa kijiko, kama ulivyoandika. Niliona punda. Niliona miguu yako, ulikuwa huna viatu. Sista aliponigusa begani nilifikiri ni jioni, kumbe zimepita dakika ishirini. Thelathini na moja! Aliandika kwenye daftari lake akapiga makofi.

Tangu hapo nimekwenda mara tatu, na kila mara naenda mbali zaidi. Siku hizi hata nikitembea Kongo sokoni nausikia ule mlio wa chini ukinifuata, na watu wanapita kana kwamba wako ndani ya maji.

Lakini leo, nikiwa huko chini kabisa, maji ya kisima yalipojaa yakawa meusi, yakawa maji ya mtaro wetu. Nikauona mkono wangu umeshika pasi. Kifuniko kiko wazi. Nikaiinamisha, makaa yakadondoka moja moja, yakafanya chsss, mvuke ukapanda ukanigusa pindo la nguo. Na nyuma yangu nikasikia sauti yako ikisema, "Leo unampikia Jentrix mtaro?" Mlio haukupanda hata kidogo. Ulibaki chini, umetulia.

Nilimuuliza Sista kama mashine imenionyesha kweli. Akasema, "Hii haijui kweli wala uongo, Mama. Inajua kidole tu. Muulize aliyekuwepo." Basi nakuuliza wewe. Ulisema hivyo? Au ni moyo wangu unajitafutia njia ya kutokea?

Ijumaa tarehe ishirini na moja ni siku ya familia kliniki. Kila mgonjwa analeta mtu wake, aone jinsi tunavyofanya. Njoo. Nitakuonyesha vidole vyangu.

Wako,
Mama Mukai


Raila, Kibera
Jumatano, 12 Februari 2025

Mama Mukai,

Nimefurahi kuhusu Tiva na hiyo thelathini na moja.

Kuhusu hayo mengine, sikumbuki kusema maneno hayo. Mtu akilala nusu anaona mengi. Usiyajenge juu ya ndoto, utaumia upya. Watu wamesamehe, nyumba imejengwa, twende mbele.

Siku ya familia sitaweza. Nina mifereji ya kanisa inayotakiwa wiki hiyo. Utanisalimia Sista.

Baba Mukai


Kongo, Kawangware
Jumanne, 18 Februari 2025

Muia,

Leo kidole changu kimeonyesha ishirini na mbili. Nimekaa kwenye kiti saa nzima. Nilikwenda Tiva nikakuta mchanga umepoa na kisima kikavu.

Nilikuwa nimeanza kuamini, ndiyo maana inauma hivi. Siku tano nzima nilitembea nikiwa mtu ambaye hakuunguza nyumba ya mtu. Nilisimama wima. Niliwaza kumwandikia Mzee Gikonyo, kumwambia ile picha ya marehemu mkewe haikuteketea kwa mkono wangu. Sasa nimejua nilikuwa najipendelea. Wewe ulikuwepo, na umesema hapana.

Nimeamua. Mwisho wa mwezi nitakwenda Kitui kwa mama, nikae naye na mwanetu Mukai huko. Sitarudi Raila. Siwezi kuishona sketi ya binti wa Jentrix nikijua kitanda alichokuwa analalia nilikichoma mimi. Sista anasema nisikate wiki zilizobaki, nimemwambia hakuna cha kupasha. Makasi yangu kama yalipona, mpe Seline.

Jambo moja tu. Seline ananiambia hajasikia nyundo yako tangu Desemba. Anasema mlango wako unafungwa mchana, na wewe hukaa kwenye daraja la reli ukitazama watu. Mifereji ya kanisa unaitengenezea wapi? Usiponiambia nitajua tu una sababu. Lakini nilidhani mimi ndiye niliyepoteza mikono katika nyumba yetu.

Kamene


Raila, Kibera
Jumamosi, 22 Februari 2025

Kamene,

Nimerarua karatasi nne. Hii ya tano naiandika bila kuisoma nyuma.

Nilikuja Riruta Alhamisi, siku moja kabla ya siku ya familia, nikijua hutakuwepo. Usimlaumu Sista Beth, nilimwomba asikwambie. Nilikaa kwenye kiti chako. Alinibandika waya, mlio ukapanda mpaka nikataka kuukimbia. Digrii ishirini na moja. Baridi kuliko wewe siku yako ya kwanza. Akaniambia nifikirie kitu chenye joto, nikaenda Tiva, mto ule ule niliokupa, na mlio haukushuka hata unywele mmoja. Alinibandua plasta, akasema, "Baba, wewe unafanya kazi na moto, na mikono yako ni ya mtu aliyetoka kwenye maji." Nikarudi kwa miguu kupitia Kongo. Nilipita mbele ya kwa Rosebella, nikaviona viatu vyako mlangoni. Sikubisha.

Ulimwaga makaa. Yote. Niliona kwa macho yangu. Nilikuwa nimesimama nyuma yako nafunga vifungo vya lile shati jeupe, na nilisema, "Leo unampikia Jentrix mtaro?" Neno kwa neno. Ukacheka, ukarudi ndani, ukaiacha pasi mezani wazi ipoe, ikiwa tupu. Hukuunguza nyumba ya mtu yeyote.

Moto ulikuwa wangu. Alfajiri ile ulipokwenda kuoga, mama mmoja alikuja mbio na trei ya keki iliyoachia pembeni, ana sherehe mchana. Unajua hutaki nifanye kazi Jumapili, na nilikuwa nimekuahidi. Nikawasha jiko la kulehemu harakaharaka, nikamlehemea. Kisha nikasikia ndara zako kichochoroni. Nikayafukia makaa kwa majivu, kama ninavyofanya siku zote niyatumie kesho yake, nikalisukuma jiko chini ya benchi usilione. Pale chini palikuwa na gunia lako la vipande vya vitambaa. Nilililaza jiko moto karibu na vitambaa kwa sababu nilikuwa nafichaficha kama mtoto. Nikavaa shati ulilonipigia pasi, nikaenda kanisani nikaimba.

Tuliporudi mbio, Thuo alikuwa ameshaipata ile pasi kwenye majivu, mdomo wazi. Akasema, "Ni pasi ya mama." Ukapiga magoti hapo hapo ukasema, ni mimi. Mara ya kwanza nilinyamaza kwa sababu ulimi ulikufa. Baada ya siku chache, watu walipokwisha kusimamisha mabati, ukaanza kwenda mlango kwa mlango, na mimi nikakusindikiza. Milango kumi na moja, Kamene. Ulipiga magoti mara kumi na moja, na mimi nilikuwa nimesimama kando yako. Kila mlango nilijiambia, mlango unaofuata nitasema.

Nyundo sijaishika tangu Desemba. Nikiwasha jiko mikono inakataa. Hakuna mifereji ya kanisa.

Siombi kitu. Usiende Kitui ukiwa umebeba mzigo wangu, basi.

Muia


Raila, Kibera
Jumatano, 5 Machi 2025

Kamene,

Seline anasema bado uko Kongo na bado unakwenda kliniki. Anasema hukumpa barua. Ni sawa. Naandika nikupe habari, si kudai jibu.

Nimeanza milango. Nilianza kwa Thuo kwa sababu yeye ndiye aliyesema pasi. Akasema, "Buda, na ulikuwa hapo tu, ukituangalia?" Nikasema ndiyo. Hakunipa mkono.

Jentrix alinifungia mlango usoni. Nikabaki nje kwa sababu sikujua niende wapi. Baada ya muda akaufungua kidogo, akauliza, "Mama Mukai anajua?" Nikamwambia anajua. "Na amesema aje?" Nikamwambia hajasema. Akasema, "Poa. Mimi pia sijasema," akafunga tena.

Mzee Gikonyo alinikaribisha ndani, akanipa stuli. Nilipomaliza akaniuliza swali ambalo silali kwa ajili yake. "Siku ile mke wako amepiga magoti hapa kwangu," akasema, "wewe ulikuwa umeshika nini mkononi?" Nikakumbuka. Nilikuwa nimeshika kofia. Niliivua kwa heshima, nikaishika kwa mikono miwili kifuani, mlango baada ya mlango, kama mtu mwema.

Nimefika milango saba. Wengine wawili walihamia Makina, na mmoja yuko hapo Kawangware, karibu na wewe. Wa mwisho bado namtafuta. Nitamaliza.

Muia


Kongo, Kawangware
Ijumaa, 14 Machi 2025

Muia,

Barua yako ya tarehe ishirini na mbili niliisomea kliniki, waya ukiwa kidoleni. Sista Beth alikataa. Nikamwambia basi nitaisomea barabarani nigongwe na boda, akakubali.

Uliposema umepita kwa Rosebella bila kubisha, sikujali. Uliposema trei ya keki, mlio ulikuwa mbu. Lakini nilipofika pale ulipoandika "Leo unampikia Jentrix mtaro", nilisoma mara moja, na kimashine kikanyamaza. Nilidhani kimeharibika. Sista akakitikisa. Kilikuwa kinalia, ila chini sana, chini kuliko Tiva, mpaka sikio linaupoteza mlio. Thelathini na tano. Nilikuwa nalia makamasi yananitiririka na vidole vyangu vilikuwa na moto kama vya mtu aliyetoka kukanda chapati.

Usifikiri hayo ni mapenzi. Nimekukasirikia wiki tatu, na bado. Kuhusu jiko sina neno, jiko ni ajali, na mwenye kuficha jiko la Jumapili ni mume tu kama waume wengine. Kuhusu milango sijui kama nitamaliza kukasirika. Magoti yangu yalichubuka kwa Gikonyo, ile sakafu yake ina kokoto. Uliyafunga kwa kitambaa wewe mwenyewe, jioni ile, ukayapuliza. Ndicho kinachonirudia. Uliyapuliza.

Yule wa Kawangware alinijia mwenyewe kunieleza kwamba umefika kwake. Alisema ulitetemeka mpaka akakupa maji. Nilitaka kufurahi nikashindwa.

Matibabu yamekwisha Jumanne. Simu nimerudishiwa, sijaiwasha. Jana nilichukua sindano namba tisa, uzi mweusi, nikaketi kwenye ngazi za Rosebella. Uzi uliingia mara ya kwanza. Niliutoa nikautunga tena, nikautoa nikautunga, mpaka mwanga ukapungua na kila kitu kikawa laini, watu, mabati, sauti za wauza viazi, na mimi katikati yao na mikono yangu mwenyewe.

Sasa sikia. Jumapili hii nitafika Raila saa mbili asubuhi, kabla ya kanisa. Uwe umewasha mkaa wewe, kwa mikono yako, hata ikatae. Uniwekee pasi mezani na lile shati jeupe. Halikuungua, ulikuwa umelivaa. Nitalipiga pasi. Nikimaliza nitatoka na pasi hadi mtaroni, na Jumapili saa hizo unajua watu wote wako milangoni wakipaka viatu rangi. Nitayamwaga makaa pale pale. Wewe simama pale uliposimama siku ile, na ukisikia chsss, useme maneno yako. Kwa sauti, Jentrix asikie, Thuo asikie, na Mzee Gikonyo ambaye sikio lake moja halisikii vizuri. Kisha uwaambie ulikuwa umeniona.

Usiposema, nitakukabidhi shati lako nikapande basi la Kitui. Ukisema, nitaingia ndani niione hiyo meza, tuanzie hapo.

Na kofia uiache nyumbani.

Kamene